Ahadi ya Mtengenezaji na Hesabu ya Mtumiaji: Historia ya Ushahidi wa Uimara wa Diski za Kompyuta, 1956–2025

Utangulizi

Mtu anayeweka seva yake nyumbani, au anayenunua kompyuta ya kuhifadhia data ya utafiti wake, hukabiliwa na swali lililo jepesi kuuliza: ni diski ipi isiyoharibika upesi? Majibu hayamkosi. Muuzaji humtajia kampuni moja. Fundi humtajia nyingine, kwa kuwa juma lililopita aliletewa diski mbili za kampuni ile ya kwanza zikiwa zimekufa. Karatasi ya mtengenezaji nayo humweleza kwamba diski hiyo inatarajiwa kufanya kazi kwa wastani wa saa milioni moja kabla ya kupata hitilafu. Watoa ushahidi hawa watatu hawapatani, na mnunuzi hana njia ya kuwapima.

Makala haya hayakusudii kutaja bidhaa ya kununuliwa. Yanachunguza swali la kihistoria linalotangulia ununuzi wenyewe: maarifa kuhusu uimara wa diski yalitoka wapi, yalikuwa mikononi mwa nani, na yalimfikia kwa njia gani mtu mwenye diski mbili au tatu? Hoja inayojengwa ni kwamba kwa sehemu kubwa ya historia hii aliyejua alikuwa mtengenezaji, naye hakuwajibika kusema. Mnunuzi mdogo hakuweza kujua kwa uzoefu wake, hata angekuwa makini kiasi gani. Maarifa ya kuaminika yalipopatikana yalitoka kwa wenye maelfu ya diski walioamua kuhesabu na kuchapisha, na hesabu zao zilibadili swali lenyewe.

Uzito wa jambo hili hauko katika bei ya chombo. Mtafiti wa fasihi simulizi aliyekaa vijijini miezi kadhaa akirekodi wazee ana kitu ambacho hakiwezi kununuliwa tena. Msimulizi akishafariki, faili ile ndiyo sauti yake iliyobaki. Diski mpya hupatikana dukani siku hiyo hiyo, lakini rekodi haipatikani.

Zama za kukodi

Diski ya kwanza ya kompyuta kuuzwa kibiashara ilitangazwa na kampuni ya IBM mwezi Septemba 1956, ikiwa sehemu ya mfumo ulioitwa 305 RAMAC. Ilibuniwa huko San Jose, California, na kikosi kilichoongozwa na Reynold Johnson. Ilikuwa na sahani 50 zenye kipenyo cha inchi 24, zilizopangwa juu kwa juu na kuzunguka kwa pamoja, na uwezo wake ulikuwa herufi milioni tano, kiasi kisichotosha leo kuhifadhi picha moja nzuri ya simu.

Jambo linalopaswa kuzingatiwa hapa ni mkataba kuliko mashine. Wateja wengi hawakununua mfumo huo, bali waliukodi kwa takriban dola 3,200 kwa mwezi, na matengenezo yalikuwa wajibu wa IBM. Diski iliposimama, aliyepoteza muda alikuwa mteja, lakini aliyebeba gharama ya ukarabati alikuwa mtengenezaji. Kwa hiyo mtengenezaji alikuwa na sababu ya kujua kwa undani nini huharibika na baada ya muda gani, na mafundi wake waliokwenda kwa wateja ndio waliomletea habari. Maarifa na hasara vilikaa nyumba moja. Katika hali hiyo swali la "ninunue ipi" halikuwa na nafasi, kwa maana hapakuwa na kununua.

Mwaka 1973 IBM ilitoa mfumo wa 3340, uliojulikana kwa jina la Winchester. Ndani yake vichwa vya kusoma na kuandika vilifungiwa pamoja na sahani katika chombo kimoja, na mashine ilipozimwa vichwa vilitua juu ya sahani zilizopakwa kilainishi. Kabla ya hapo vumbi na mikono ya watu vilikuwa maadui wakubwa wa diski. Kufungiwa kwa vichwa na sahani kulipunguza maadui hao, lakini kulikuwa na matokeo mengine ambayo wanahistoria wa kompyuta hawayasisitizi vya kutosha: chombo kiligeuka fumbo. Kile ambacho fundi aliweza kukitazama kwa macho sasa kilikuwa nyuma ya kifuniko kisichofunguliwa nje ya kiwanda.

Mnunuzi anabaki peke yake

Mkataba wa zamani ulivunjwa na kompyuta ndogo. Mwaka 1980 kampuni changa ya Alan Shugart na wenzake, ambayo baadaye ilijulikana kama Seagate, ilitoa diski ya ST-506 yenye upana wa inchi 5.25 na uwezo wa megabaiti 5. Mwaka 1983 IBM yenyewe ilianza kuuza kompyuta ya binafsi ya XT ikiwa na diski ya megabaiti 10 ndani. Tangu hapo diski ikawa mali ya mtu aliyeinunua. Hasara ilihamia kwake, lakini maarifa hayakumfuata.

Miaka ya 1980 ilizaa kampuni nyingi za diski, na ushindani ulikuwa mkali hata ukavuka mipaka ya uaminifu. Kisa kinachokumbukwa zaidi ni cha kampuni ya MiniScribe ya Longmont, Colorado. Ili kuficha upungufu katika vitabu vya hesabu, wakuu wake walifungasha matofali katika maboksi ya diski na kuyasajili kama bidhaa zilizosafirishwa. Udanganyifu huo ulifichuka mwaka 1989, na mwaka uliofuata kampuni ikafilisika na mali zake kuchukuliwa na Maxtor. Ni kisa cha kuchekesha, na pengine ndiyo sababu hukumbukwa kuliko mengine yaliyoumiza watu wengi zaidi. Aliyefungua boksi na kukuta tofali alijua papo hapo kwamba ameibiwa. Aliyekuta diski mbovu ilimchukua miaka miwili kujua.

Wakati huohuo, katika Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz walikuwa wakiliendea tatizo kwa njia nyingine. Andiko lao la mwaka 1988 lilipendekeza kwamba badala ya kununua diski moja kubwa ya gharama, mtu aunganishe diski nyingi ndogo za bei nafuu kama zile zilizotengenezwa kwa ajili ya kompyuta za binafsi. Hawakuficha udhaifu wa pendekezo hilo. Walichukua wastani wa muda wa kuishi uliotajwa na mtengenezaji, saa 30,000 kwa diski moja, wakaugawa kwa diski 100, wakapata saa 300. Maana yake ni kwamba safu ya diski 100 ingepoteza diski moja katika muda usiofika majuma mawili. Kutokana na hesabu hiyo walijenga hoja ya kuongeza diski za ziada zinazobeba nakala au hesabu za kurejeshea data, na mpangilio huo ndio ulioitwa RAID.

Andiko hilo kwa kawaida husomwa kama andiko la uhandisi. Kwa historia ya ushahidi lina umuhimu mwingine. Lilikuwa kati ya maandiko ya mwanzo yaliyosomwa na watu wengi ambayo yalichukua kifo cha diski kuwa jambo la hakika linalopaswa kupangiwa, na si bahati mbaya inayomwangukia mzembe. Waandishi hawakuuliza ni kampuni gani bora. Walidhani kwamba zote zitakufa, kisha wakauliza mfumo utafanya nini siku hiyo.

Maana ya saa milioni moja

Kufikia mwishoni mwa karne ya ishirini, karatasi za watengenezaji zilikuwa zikitaja wastani wa saa milioni moja na zaidi. Mwaka una saa 8,760. Saa milioni moja ni miaka 114. Hakuna diski iliyowahi kuishi miaka 114, wala mtengenezaji hakudai hivyo. Takwimu hiyo hutokana na kuwasha diski nyingi kwa muda mfupi, mara nyingi katika joto la kuharakisha uchakavu, kisha kukokotoa. Tafsiri yake sahihi ni ya kundi: katika diski 1,000 zinazofanya kazi mwaka mzima, takriban 9 zitaharibika, yaani asilimia 0.88 kwa mwaka. Haisemi lolote kuhusu diski hii iliyo mezani.

Ugumu wa mnunuzi mdogo unaonekana vizuri zaidi kwa mfano wa hesabu. Tuseme watu wawili wana diski mbili kila mmoja, na wanazitumia kwa miaka mitano. Diski za wa kwanza hufa kwa kiwango cha asilimia 2 kwa mwaka, za wa pili kwa asilimia 4, yaani maradufu. Uwezekano wa wa kwanza kumaliza miaka mitano bila kupoteza diski ni takriban asilimia 82. Wa pili, ambaye diski zake ni mbovu mara mbili, bado ana uwezekano wa asilimia 66 wa kutoona hitilafu yoyote. Watu wawili kati ya kila watatu wenye diski mbovu wataapa kwamba kampuni yao ni nzuri, nao watakuwa wanasema kile walichokiona kweli. Fundi aliyeletewa diski mbili zilizokufa naye anasema alichokiona, lakini hajaona diski zisizoletwa kwake.

Kwa sababu hii mijadala ya wenye seva za nyumbani kuhusu kampuni bora imekuwa na ukali mwingi na matunda machache. Si kwamba wanaoshiriki hawana akili. Ushahidi walio nao hautoshi kutofautisha diski nzuri na mbaya isipokuwa pale ubaya unapopita kiasi.

Deskstar

Mara moja ubaya ulipita kiasi. Mwaka 2000 IBM ilitoa diski za Deskstar 75GXP, zilizokuwa na sahani za kioo na uwezo wa hadi gigabaiti 75. Zilisifiwa kwa kasi, zikanunuliwa na watu waliopenda kuunda kompyuta zao wenyewe. Kabla ya muda mrefu malalamiko yakazidi, wenye diski wakaeleza mlio wa kukwaruza unaotangulia kifo cha diski, na jina Deskstar likapotoshwa kuwa Deathstar, nyota ya mauti. Mwaka 2001 wateja walifungua kesi huko California. Mwaka 2002 IBM, iliyokuwa imeivumbua diski yenyewe, ilikubali kuiuzia Hitachi biashara yake yote ya diski kwa dola bilioni 2.05.

Wanunuzi wengi walijifunza somo kwamba Deskstar isinunuliwe. Lilikuwa somo la asili kabisa, na lilikuwa na kosa ndani yake. Hitachi iliendelea kutumia jina hilo hilo, ikarithi viwanda na wahandisi, na baada ya miaka kumi, hesabu za wazi za diski zilipochapishwa kwa mara ya kwanza, diski za Hitachi zilizobeba jina la Deskstar ndizo zilizokuwa na viwango vya chini kabisa vya kuharibika. Aliyeshika kisa cha mwaka 2001 kama kanuni alijinyima diski bora za mwaka 2011. Mwaka 2012 Western Digital ikainunua kampuni hiyo kutoka kwa Hitachi. Seagate nayo ilikwisha kuimeza Maxtor mwaka 2006 na biashara ya diski ya Samsung mwaka 2011, hata wakabaki watengenezaji watatu tu wa diski za kuzunguka: Seagate, Western Digital na Toshiba. Jina lililo juu ya lebo limehama mikono mara nyingi kuliko diski yenyewe inavyohamishwa katika maisha yake.

Mwaka 2007

Mwezi Februari 2007, katika mkutano mmoja wa kitaaluma kuhusu teknolojia ya hifadhi, ziliwasilishwa tafiti mbili zilizogeuza mjadala. Ya kwanza ilikuwa ya Bianca Schroeder na Garth Gibson, yule yule wa RAID, ambaye sasa alikuwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Walikusanya kumbukumbu za ubadilishaji wa diski zipatazo 100,000 kutoka katika vituo vikubwa vya kompyuta. Karatasi za watengenezaji ziliahidi kiwango kisichozidi asilimia 0.88 kwa mwaka. Katika vituo hivyo diski zilibadilishwa kwa kiwango kilichozidi asilimia 1 mara nyingi, asilimia 2 hadi 4 kwa kawaida, na katika baadhi ya mifumo hadi asilimia 13.

Tofauti hiyo peke yake ingetosha kuwafanya wasomaji wafikiri upya, lakini palikuwa na mengine. Vitabu vya uhandisi vilifundisha kwamba vyombo hufa kwa umbo la bafu: vingi mwanzoni, vichache katikati, vingi tena mwishoni. Schroeder na Gibson waliona kiwango kikipanda mwaka hadi mwaka tangu mapema, bila ile miaka ya utulivu katikati. Pia hawakuona kwamba diski za gharama kubwa za kiofisi zilibadilishwa mara chache kuliko za bei nafuu. Katika haki kwa watengenezaji, ni lazima kusema kwamba kubadilishwa si sawa na kuharibika: mwenye kituo huondoa diski inayomtia shaka, na kiwanda huweza kuipima na kuikuta nzima. Hata hivyo kwa mwenye data tofauti hiyo haina uzito mkubwa. Diski iliyomlazimu kuiondoa usiku wa manane imekwisha kumgharimu.

Utafiti wa pili ulikuwa wa Eduardo Pinheiro, Wolf-Dietrich Weber na Luiz André Barroso wa Google, nao ulihusu diski zaidi ya 100,000 za aina inayouzwa kwa watu wa kawaida. Walikuta kwamba joto na wingi wa kazi havikuhusiana na vifo kwa kiasi ambacho kila mtu aliamini. Walichunguza pia mfumo wa SMART, ambao tangu miaka ya 1990 umewekwa ndani ya diski ili ijitolee taarifa za afya yake. Diski iliyoonyesha kosa la kwanza la uchunguzi wa uso wake ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa katika siku 60 zilizofuata kuliko zisizoonyesha kosa kama hilo. Lakini asilimia 56 ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa hata moja ya dalili nne zilizo na nguvu. Kwa lugha ya hospitali, dalili ikionekana mgonjwa yu hatarini kweli, ila zaidi ya nusu ya wanaofariki hawakuonyesha dalili.

Google haikuchapisha majina ya watengenezaji wala modeli. Ilieleza kwamba modeli na umri vina athari kubwa, kisha ikanyamaza. Mtumiaji mkubwa alikuwa sasa anajua kile alichokijua mtengenezaji, naye pia alikuwa na sababu zake za kibiashara za kutokisema. Kwa mnunuzi mdogo ukuta ulikuwa umesogea tu.

Mafuriko na hesabu za wazi

Mwezi Oktoba 2011 mafuriko makubwa yaliikumba Thailand, nchi iliyokuwa ikitengeneza sehemu kubwa ya diski za dunia. Kiwanda cha Western Digital huko Bang Pa-in, katika jimbo la Ayutthaya, kilijaa maji. Bei za diski zilipanda ghafla duniani kote, na kabla mwaka haujaisha Seagate na Western Digital zilitangaza kupunguza muda wa dhamana kwa diski zao nyingi za kawaida, baadhi kutoka miaka mitatu hadi miwili, nyingine hadi mwaka mmoja. Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2002 watengenezaji wakubwa walishusha dhamana kutoka miaka mitatu hadi mmoja, na mwaka 2004 Seagate ikaipandisha hadi mitano. Wengi huichukulia dhamana kama ushuhuda wa uimara. Historia hii inaionyesha kuwa kipimo cha ushindani sokoni: hupanda wauzaji wanapogombea wateja, hushuka wateja wanapogombea bidhaa.

Moja ya kampuni zilizobanwa na uhaba huo ilikuwa Backblaze ya California, inayohifadhi nakala rudufu za kompyuta za wateja wake. Ili ipate diski, wafanyakazi wake na jamaa zao walizunguka maduka ya rejareja wakinunua diski za nje zenye mfuniko wa plastiki, kisha wakazitoa ndani ya mifuniko hiyo na kuziweka katika seva. Mnunuzi mkubwa alikuwa sasa anatumia diski zile zile anazonunua mwanafunzi. Tangu mwaka 2013 kampuni hiyo ilikusanya taarifa za kila siku za kila diski, na mwezi Januari 2014 ilichapisha viwango vya kuharibika kwa diski zaidi ya 27,000, ikitaja watengenezaji na modeli kwa majina. Baadaye ikaweka wazi data ghafi yenyewe, ili anayetilia shaka hesabu ahesabu mwenyewe.

Lililodhihirika zaidi lilihusu modeli moja ya Seagate ya terabaiti 3, ST3000DM001. Kufikia mwaka 2015 Backblaze ilieleza kwamba sehemu kubwa ya diski za modeli hiyo ilizoziweka mwaka 2012 zilikuwa zimekwisha kuondolewa kazini. Mwaka 2016 kesi ilifunguliwa California. Wasomaji wengi walihitimisha kwamba Seagate haifai. Data ile ile ilionyesha modeli ya Seagate ya terabaiti 4 ikifanya kazi kwa miaka mingi kwa kiwango cha kuvumilika kabisa, tena ikiwa ndiyo iliyonunuliwa kwa wingi zaidi. Tofauti kati ya modeli mbili za kampuni moja ilikuwa kubwa kuliko tofauti kati ya kampuni. Kisa cha Deskstar kilikuwa kimedokeza jambo hilo. Sasa lilikuwa na takwimu.

Hesabu hizo zilipata wakosoaji, na ukosoaji wao una haki kwa kiasi. Diski zilizotengenezwa kwa kompyuta ya mezani zilibanwa 45 katika sanduku moja, zikitikisana usiku na mchana, hali ambayo mtengenezaji hakuikusudia. Baadhi zilitoka katika mifuniko ya diski za nje, nazo huenda zilisafirishwa na kushikwa kwa namna tofauti. Aidha modeli inapokuwa imekusanya historia ya kutosha, mara nyingi haiko tena dukani. Mwandishi wa makala haya anaona kwamba ukosoaji wa tatu ndio mzito zaidi, kwa kuwa hauwezi kurekebishwa kwa kuboresha mbinu: anayehitaji ushahidi wa miaka minne kuhusu modeli lazima angoje miaka minne. Mnunuzi ananunua leo.

Lebo za rangi

Watengenezaji hawakukaa kimya. Walianza kuzigawa diski kwa matumizi na rangi: hii ya kompyuta ya mezani, hii ya kamera za ulinzi, hii ya seva ndogo ya nyumbani. Western Digital ilitoa mwaka 2012 diski ya Red kwa ajili ya seva ndogo, na wenye seva wakaizoea. Mwezi Aprili 2020 ikabainika kwamba baadhi ya diski za Red za terabaiti 2 hadi 6 zilikuwa zikiandika data kwa njia ya njia-mbano, yaani mistari ya data inayopandana kama vigae vya paa, bila mnunuzi kuarifiwa. Mpangilio huo huongeza uwezo wa sahani, lakini huifanya diski kuwa nzito sana inapoandikwa mfululizo kwa saa nyingi. Safu ya RAID inayojengwa upya baada ya kifo cha diski moja hufanya hasa hilo. Seagate na Toshiba nazo zilikuwa na modeli za namna hiyo ambazo hazikutajwa wazi. Baadaye Western Digital ikazitenga diski zisizo za vigae kwa jina la Red Plus.

Diski hizo hazikuwa zikifa kwa wingi. Takwimu za vifo zisingezifichua. Zilishindwa katika saa ile moja ambayo mwenye seva alizinunua kwa ajili yake, na aliyeligundua jambo alikuwa mtu aliyekaa na kushangaa kwa nini ujenzi wa saa kadhaa umechukua siku kadhaa.

Diski zisizozunguka

Diski za SSD, zilizohifadhi data katika chipu bila kitu kinachozunguka, zilitarajiwa na wengi kuufunga mjadala huu. Mwaka 2016 Schroeder, safari hii pamoja na wenzake wa Google, alichapisha utafiti wa miaka sita wa matumizi halisi. SSD zilibadilishwa mara chache kuliko diski za kuzunguka. Hata hivyo asilimia 20 hadi 63 ya SSD, kutegemea modeli, zilipata angalau kosa moja lisilorekebishika katika miaka minne ya kwanza, yaani sehemu ya data iliyopotea huku diski ikiendelea kuonekana nzima. Diski iliyokufa inajitangaza. Faili moja iliyooza katikati ya maelfu haijitangazi, na nakala rudufu huibeba ikiwa imeoza.

Mwezi Novemba 2019 kampuni ya Hewlett Packard Enterprise iliwatangazia wateja kwamba baadhi ya SSD zake za seva zilikuwa na kasoro katika programu dhibiti: zingekufa, pamoja na data zote, zikifikisha saa 32,768 za kuwashwa. Hiyo ni miaka mitatu, siku 270 na saa 8. Namba hiyo si ya nasibu. Ni mbili iliyozidishwa yenyewe mara kumi na tano, mahali ambapo kihesabio cha biti kumi na sita huishiwa nafasi. Mwaka uliofuata likaja tangazo la namna hiyo kwa SSD nyingine, kwa saa 40,000. Tiba ilikuwa kusasisha programu kabla ya saa kutimia.

Kwa historia hii, tukio hilo linagusa msingi wa hesabu ya mwaka 1988. Safu ya diski huokoa data kwa kudhani kwamba diski hazifi pamoja. Mtu mwangalifu aliyenunua diski nne za modeli bora, kwa siku moja, akaziwasha kwa dakika moja, alikuwa amezipa saa moja ya kufa. Tangu hapo ushauri wa zamani wa mafundi wa seva, kwamba diski za safu moja zichanganywe toleo na tarehe ya kununuliwa, ulipata uzito ambao hapo awali ulionekana kama ushirikina wa kazini.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 vyombo vya habari vya kompyuta vya Ujerumani viliripoti kwamba diski za Seagate za seva zilizouzwa kama mpya zilikuwa zimekwisha kutumika kwa maelfu ya saa, baadhi zikihusishwa na uchimbaji wa sarafu ya kidijitali ya Chia. Kihesabio cha SMART kilikuwa kimerudishwa sifuri. Kilichowafichua wauzaji ni kumbukumbu nyingine iliyo ndani zaidi ya diski, iitwayo FARM, ambayo hawakuwa wameifuta. Wanunuzi wakajifunza amri ya kuisoma, wakalinganisha namba mbili, na mwenye diski moja akapata kwa mara ya kwanza njia ya kuihoji bila kumtegemea muuzaji. Baada ya miezi michache Seagate ilieleza kwamba ulaghai umesonga mbele, na kumbukumbu hiyo nayo imeanza kuchezewa.